Kupita mbele si lazima kuwe kuokoka

Mkutano wa injili ukiisha hapa Moshi, kesho yake utasikia: "Wameokoka mia mbili!" Waliohesabiwa ni waliopita mbele wakafuatisha sala ya toba. Wengi hudhani utaratibu huo ulianza na mitume. Hapana. Kuita watu wapite mbele kulienezwa na wahubiri wa Marekani karne ya 19, akiwemo Charles Finney. Si kosa; hata spika mitume hawakuwa nazo. Ila toba ni kugeuka. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa Luka 19, hakufuatishwa sala yoyote: aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Mama muuza ndizi wa soko la Mbuyuni anasubiri umlipe deni lake. Kadi ya waliookoka uliyojazishwa uwanjani haimhusu.