Herufi Moja Katika Damu: Selimundu si Kosa la Mama

Hapa Malindi, mtoto mchanga akivimba vidole na kulia usiku kucha, lawama hazichelewi kumfika mama. Ataulizwa alikula nini akiwa mjamzito, alipita wapi wakati wa magharibi, kwao kuna maradhi gani. Wako wanaofika kliniki wakiwa wamechoshwa na maneno ya mawifi kabla ya kuchoshwa na ugonjwa wenyewe. Makala haya ni kwa ajili yao, na zaidi kwa ajili ya kina baba, kwa sababu maradhi hayo mara nyingi huwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, au sikoseli kama wengi wanavyouita, na mtoto hapati selimundu kwa kurithi upande mmoja tu.

Tuanze na DNA. Karibu kila chembe hai ya mwili ina maandishi ya kemikali yanayoielekeza namna ya kutengeneza protini. Maandishi hayo yana herufi nne tu, A, T, G na C, lakini yana urefu wa takriban herufi bilioni 3. Kila mmoja wetu amepewa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Chembe ikitaka kugawanyika, hunakili yote. Waliowahi kuona tenzi za zamani zilizonakiliwa kwa mkono kule Lamu na Pate wanajua yanayotokea: nakala mbili za utenzi mmoja hazilingani kila neno. Mara nyingi tofauti haigusi maana, ila kuna pahali herufi moja ikibadilika ubeti mzima unageuka. Katika DNA, badiliko la namna hiyo huitwa mutesheni.

Kila mtoto huzaliwa na mutesheni mpya takriban 60 hadi 70 ambazo wazazi wake hawakuwa nazo, na karibu zote hazimdhuru kwa lolote. Hili nataka lisikike vizuri barazani: nyingi kati ya hizo hutoka kwa baba. Mbegu za kiume hutengenezwa upya miaka yote ya utu uzima, na kila kunakili ni nafasi ya kukosea, hivyo umri wa baba ukisonga idadi nayo hupanda. Umri wa mama una uzito wake kwingine, kwa mfano katika hali ya Down, ambapo mtoto hupata kromosomu (furushi la DNA) moja ya ziada. Moshi wa sigara na jua kali pia huharibu DNA. Lakini badiliko lililotokea kwenye ngozi au pafu hubaki kwa mwenyewe. Mtoto hurithi lile tu lililo ndani ya yai au mbegu.

Mutesheni si maradhi peke yake. Rangi zetu, vimo vyetu, nywele zetu, vyote vimetokana na mabadiliko yaliyorundikana vizazi kwa vizazi, na mabadiliko hayohayo yanatuonyesha tulikotoka. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa DNA ya mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya zamani ya Waswahili, ikiwemo Manda na Faza katika visiwa vya Lamu, na Mtwapa. Wengi wao, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, na zaidi kwa upande wa mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Kiajemi, na kuchanganyika huko kulianza takriban mwaka 1000. Watafiti waliweza kutenganisha upande wa baba na wa mama kwa sababu kromosomu Y hupita kwa baba kwenda kwa mwana, nayo DNA ya mitokondria, vile vijiwanda vya nguvu ndani ya chembe, hupita kwa mama peke yake, na kila moja imebeba alama zake za mutesheni.

Sasa turudi kwenye vidole vilivyovimba. Katika kromosomu ya 11 kuna jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza sehemu ya hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni. Pahali pamoja panapaswa kusomeka GAG. Kwa mwenye selimundu panasomeka GTG katika nakala zote mbili. Basi, ni herufi hiyo moja. Kwa ajili yake, hemoglobini ikishaachia oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ngumu, na chembe nyekundu, iliyokuwa mviringo na laini, hupinda kama mundu. Chembe zilizopinda hukwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Pia hufa mapema: chembe ya kawaida huishi siku kama 120, hizi huishi kama 10 hadi 20, ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu. Wengu nao huharibika, akawa mwepesi wa kushikwa na maambukizi makali. Miezi ya mwanzo mtoto huonekana mzima kwa kuwa bado ana hemoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Hiyo ikipungua, karibu na miezi sita, mikono na miguu huanza kuvimba.

Kwa nini jeni hii iwe nyingi Pwani? Jibu ni malaria. Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi mwaka 1949, akaiona jeni hii kwa wingi Pwani na karibu na Ziwa Victoria, na kwa uchache nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyerithi nakala moja tu ya jeni hii ana kinga dhidi ya malaria. Utafiti wa baadaye Kilifi, kaunti yetu, umeonyesha kwamba kinga hiyo hupunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Watoto walionusurika wakakua, wakaoa na kuolewa, jeni ikaendelea. Leo karibu asilimia 15 ya watu wa Kilifi wana nakala moja, na wengi wao hawajui, kwa kuwa ni wazima kabisa.

Wabebaji wawili, yaani wenye nakala moja moja, wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto mwenye selimundu, mbili katika nne za mbebaji kama wao, na moja ya mtoto asiye na jeni hiyo kabisa. Kila mimba huanza hesabu yake upya: kupata mgonjwa mmoja hakuwahakikishii watatu wazima. Mbebaji akioana na asiye nayo, hakuna mtoto atakayeugua.

Ndoa ya mtoto wa ami au wa khalati huongeza uwezekano wa jeni iliyojificha kukutana na mwenzake, na hivyo ndivyo ulivyo ualbino pia. Siwaambii watu waache ndoa hizo. Nasema wapimwe kabla ya nikaha. Saudi Arabia imelifanya sharti tangu 2004, na baada ya majibu uamuzi huachiwa wachumba wenyewe.

Mtoto mgonjwa ana matibabu: penisilini ya kila siku hadi afike miaka mitano, dawa ya kuzuia malaria, foliki asidi, chanjo zote, maji ya kutosha, na haidroksiyurea ambayo hupunguza maumivu. Homa kwake ni ya kukimbiziwa hospitali siku hiyohiyo. Kombe na dua za wazee hazikatazwi, bora dawa isiachwe.

Mkienda kupimwa, ombeni kipimo cha aina ya hemoglobini. Kile cha kuangalia tu kama chembe zinapinda huonyesha kwamba jeni ipo, lakini hakitenganishi mbebaji na mgonjwa. Karatasi itaandikwa AA (hana jeni hiyo), AS (mbebaji) au SS (mgonjwa). Mke akitoka na AS, mume naye aje atoe damu yake, wala asitumie majibu ya mkewe kama yake.