Mama, haisimami hii: gemu za risasi zilipohamia mtandaoni

Mzee mmoja mstaafu wa Sakina alinipigia kulalamika kwamba mjukuu wake anauawa ovyo kila ikifika saa mbili usiku. Kifurushi cha intaneti analipia yeye, kwa hiyo anataka kujua kwa nini hela yake haimlindi mtoto. Nilicheka, halafu nikapanda pikipiki nikaenda.

Kazi yangu ni kufunga intaneti majumbani na maofisini hapa Arusha. Nilipoanza, mteja akitaja gemu ujue anataka niifungie. Sasa wapo wanaotaka niipe kipaumbele, na hata wale wanaoilaani hawailaani kwa sababu zile za zamani. Hicho ndicho nataka kukieleza, kwa sababu nadhani wazazi wengi bado wanabishana na gemu ambayo haipo tena.

Hapa kwetu, tuseme ukweli, bunduki ya kwenye skrini haikuwahi kuwa kesi kubwa. Vile vimashine vya kuiga Nintendo vilivyokuwa vinachomekwa kwenye TV vilikuja na Contra, ambayo ni risasi mwanzo mwisho, na Duck Hunt yenye bastola ya plastiki ya kulengea bata. Baba mwenyewe alikuwa anaomba zamu. Kesi ilikuwa banda. Banda la gemu la Ngarenaro au la Unga Limited lilijulikana kwa utoro, kwa hela ya daftari kupotelea mlangoni, na kwa vijana wakubwa wanaovuta sigara huku wadogo wakitazama. Mwenyekiti wa mtaa akija hakuuliza ndani mnacheza mpira au mnapigana risasi. Aliuliza kwa nini saa nne asubuhi kuna watoto wenye sare.

Na ndani ya banda lenyewe gemu za vita hazikuwa na nafasi, kwa sababu ya biashara tu. Mechi ya mpira ina dakika zake: aliyefungwa anaachia pedi ya kuchezea, mwingine anakaa, hela inaingia. Gemu ya vita ya mtu mmoja haina kipenga. Mwenye banda inabidi akae na saa mkononi huku foleni inanuna.

Wenzetu Marekani kesi yao ilikuwa damu. Mwaka 1993 Seneti iliketi kujadili ukatili kwenye gemu, Mortal Kombat, gemu ya kupigana, ikiwa mshtakiwa mkuu, na Desemba ya mwaka huohuo ikatoka Doom, gemu ya risasi. Mwaka uliofuata sekta yenyewe ikaanzisha mfumo wa kupanga gemu kwa umri. Baada ya mauaji ya shule ya Columbine, Aprili 1999, ilipofahamika kwamba wauaji walikuwa wachezaji wa Doom, hoja ikawa nzito zaidi: gemu za risasi zinazalisha wauaji. Iliishi miaka mingi. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 7 kwa 2, iliitupa sheria ya California iliyozuia kuwauzia watoto gemu za ukatili. Mwaka 2019 watafiti Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff waliwapima vijana wa Uingereza wapatao 1,000 wa miaka 14 na 15, wakawauliza na wazazi wao kuhusu tabia za watoto. Hawakuona uhusiano kati ya kucheza gemu za ukatili na ukorofi. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kikasema mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kuzihusisha gemu hizo na vitendo vya jinai vya ukatili, ingawa kilibaki na msimamo kwamba kuna uhusiano mdogo na ukali wa kawaida, kama kufoka na kusukumana. Aliyewahi kukaa karibu na chalii aliyefungwa mechi ya mwisho hatashangaa.

Halafu Shirika la Afya Duniani likaingia kwa mlango mwingine. Kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, kuna tatizo la uchezaji gemu. Vigezo vyake: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imepita mambo mengine yote ya maisha yake, na anaendelea ingawa anaona inamharibia, hali hiyo imemvuruga kweli nyumbani, shuleni au kazini, na kwa kawaida iwe imeonekana kwa miezi isiyopungua 12. Soma vigezo vyote, bunduki hutaiona. Ni swali lilelile la mwenyekiti wa mtaa: mbona uko hapa saa hizi?

Kwa nini swali limehama? Mimi kama fundi wa mtandao nina jibu la kifundi: gemu iliunganishwa. Doom iliweza kuunganisha watu wanne. Quake ilitoka 1996, na kabla mwaka haujaisha ikapata toleo lililotengenezwa kwa ajili ya intaneti ya kusuasua ya wakati ule. Counter-Strike ilianza 1999 kama kazi ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe. Hayo yote yalitupita, maana yalitaka kompyuta na laini nzuri. Yaliyotufikia ni ya simu: Free Fire mwaka 2017, PUBG Mobile 2018, Call of Duty: Mobile 2019. Ni bure, na Free Fire iliundwa makusudi iende hata kwenye simu dhaifu. Banda likahamia mfukoni, foleni ikaisha, na mwenyekiti hana tena mlango wa kubisha. Na wasichana, ambao banda halikuwa mahali pao, wakaingia kucheza. Hili halisemwi sana, lakini nyumba ninazoingia Njiro na Moshono, anayejua pingi ya laini, yaani taarifa zinachukua muda gani kwenda na kurudi, kuliko baba yake mara nyingi ni binti.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa mezani. Mama anaita chakula tayari. Mtoto anajibu, "Mama, haisimami hii." Mama anasikia jeuri. Kifundi mtoto anasema kweli. Contra ilikuwa na kitufe cha kusimamisha kwa sababu dunia yote ya gemu ilikuwa ndani ya kile kimashine. Kwenye PUBG Mobile watu 100 wanadondoka kisiwani kwa pamoja, na mchezo unaendeshwa kwenye seva, yaani kompyuta ya wenye gemu iliyo nchi nyingine. Simu ya mtoto ni dirisha la kutazamia tu. Huwezi kuwasimamisha watu 99 kwa sababu ugali umeiva. Mechi ya Free Fire, yenye watu 50, huisha kwa dakika kama 10. Ya PUBG inaweza kufika 30 na zaidi. Mama akilijua hilo, ataita dakika 10 kabla na kusema "usianze nyingine." Nimeona nyumba zikitulia kwa sentensi hiyo moja.

Turudi kwa mzee wa Sakina. Alikuwa amenunua kasi kubwa, na kipimo kilionyesha kasi ipo. Lakini gemu ya risasi haitaki kasi kiasi hicho, inataka uharaka. Mchezaji anatuma vijitaarifa vidogo vidogo mara nyingi kwa sekunde: niko hapa, nimegeuka, nimefyatua. Ukijumlisha kwa saa nzima unapata makumi ya megabaiti tu, wakati video nzuri inakula gigabaiti na zaidi kwa saa. (Wanaosema gemu imemaliza bando, mara nyingi kilichomaliza ni kuisasisha. Call of Duty za kompyuta na konsoli zinazidi GB 100.) Kinachohesabika ni muda wa kwenda kwenye seva na kurudi, yaani pingi, na inapimwa kwa milisekunde.

Sehemu ya pingi haipungui hata ukilipa mamilioni. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Seva ikiwa mwisho wa kilomita 10,000 za mkongo, safari ya kwenda ni milisekunde 50 na kurudi 50, kabla ruta yoyote njiani haijaongeza ya kwake. Kutoka Arusha tunateremka kwanza hadi pwani, ndipo tuingie baharini kwenye mikongo kama SEACOM iliyoanza 2009 na EASSy ya 2010. Ndiyo maana eneo la seva ni jambo kubwa kuliko jina la kampuni ya simu. Na ndiyo maana Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo hiyo miwili ilipokatika kwa pamoja upande wa kusini, watoto walijua kabla ya benki.

Lakini pingi ya mjukuu ilikuwa nzuri mchana na mbaya saa mbili usiku, kwa hiyo bahari haikuhusika. Nilikaa sebuleni nikaangalia ruta. Ikifika saa mbili watu wamerudi, simu zote zimeshika Wi-Fi, na simu ya shangazi inaanza kupandisha picha na video za kikundi cha harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Laini nyingi za nyumbani zina njia pana ya kushusha na nyembamba ya kupandisha. Video ya harusi ikishajaza njia ya kupandisha, vijitaarifa vya gemu vinasubiri nyuma yake, kama abiria mwenye bahasha aliyezibiwa mlango wa daladala na mwenye magunia ya mahindi. Pingi inaruka kutoka 90 hadi 600. Dawa si kununua kifurushi kikubwa zaidi. Niliingia kwenye ruta, nikaiwekea video ya shangazi kikomo chini kidogo ya uwezo wa laini, nikaruhusu vijitaarifa vidogo vipite kwanza. Shangazi hakugundua chochote.

Mjukuu alikuwa na shtaka lingine: "Nilishajificha nyuma ya ukuta, bado wakaniua." Akasema wenzake wanatumia programu za wizi. Wapo wanaotumia, lakini hili kwa kawaida ni seva inatenda haki kwa namna inayouma. Kila mchezaji anaona picha iliyochelewa kidogo. Adui aliyekulenga alikuona ukiwa bado wazi. Taarifa ya risasi yake inapofika, seva inarudisha kumbukumbu nyuma hadi sekunde ile aliyoiona yeye. Kama pale ulikuwa kwenye shabaha, umekufa, hata kama kwenye skrini yako umeshafika ukutani. Yahn Bernier wa kampuni ya gemu ya Valve aliieleza mbinu hii kwa maandishi tangu 2001. Bila hiyo, mwenye laini ya kawaida ingebidi afyatue hewani mbele ya mtu akibahatisha atakuwa wapi. Mzee alisikiliza yote hayo, akauliza swali la kisheria hasa: "Kwa hiyo hukumu inafuata macho ya muuaji?" Ndiyo mzee, inafuata macho ya muuaji.

Msimamo unabadilika hata kwa wakubwa wa dunia, ingawa kwa kuchechemea. Mwaka 2018 Thomas Bach, rais wa kamati ya Olimpiki wakati huo, alisema gemu za kuua haziendani na maadili ya Olimpiki. Mwaka 2023 kamati hiyohiyo ilifanya wiki ya gemu Singapore, na mashindano ya kulenga shabaha yakachezwa ndani ya Fortnite, ambayo kwa kawaida ni gemu ya risasi, kwenye kisiwa kilichotengenezwa maalumu ili watu walenge shabaha bila kuuana. Mimi naona ni kukwepa swali, lakini mlango umefunguliwa.

Kinachonifanya nisiwe mtetezi wa moja kwa moja ni sauti. Mama mmoja wa Kijenge aliniuliza kwa kunong'ona, "Fundi, huyu mtoto anaongea na nani usiku?" Hilo ndilo swali. Mtoto wa miaka 11 yuko timu moja na watu watatu asiowajua, maiki zimewashwa, na matusi yanafundishwa kwa lugha tatu. Damu ya katuni haijawahi kumdai mtoto picha wala kumuuliza anasoma shule gani. Mtu mzima mwenye maiki anaweza. Kwenye mipangilio ya gemu hizi kuna sehemu ya sauti, na unaweza kuizima, au kuiacha kwa marafiki aliowakubali. Tuliifanya pamoja, mtoto akiwa amekaa hapohapo, akabakiwa na binamu zake wa Moshi na rafiki mmoja wa darasani.

Mama huyo alitaka pia niweke ruta ikate saa tatu kamili. Inawezekana, ni dakika tano za kazi, ila huwa napinga. Ukimkata mtu katikati ya mechi ya timu umewaumiza wenzake watatu, na gemu nyingi humwadhibu aliyetoroka. Mtoto anajifunza kuhamia bando la simu ya dada. Tulikubaliana saa tatu iwe mwisho wa kuanza mechi, na ruta ikate saa tatu na nusu.

Bado kuna hela. Gemu ni bure, nguo na rangi za bunduki si bure, na nyingine zinauzwa ndani ya masanduku ya bahati nasibu ambayo Ubelgiji iliyahesabu kuwa kamari mwaka 2018. Mtoto anayejua namba ya siri ya simu ya mama hana haja ya kuiba hela ya daftari. Yule mama aliibadilisha palepale, kanipa mgongo ili hata mimi nisione.