Mita 1.2 Tu? Dhana Potofu Kuhusu Utabiri wa Mawimbi Kwenye Ufuo wa Mchanga

"Kocha, kesho ni mita 1.2 tu. Naweza kuja na watoto?"

Ujumbe wa namna hii hunifikia karibu kila mwisho wa juma. Mara nyingi huja na picha ya skrini iliyokatwa vizuri kabisa: tarakimu moja kubwa katikati, na yote yaliyokuwa chini yake yametupwa nje. Hayo yaliyotupwa ndiyo ninayoyataka. Nafundisha kuteleza mawimbini kwenye ufuo wa mchanga, na kabla ya kila somo ni lazima niusome utabiri nikajua nani ataingia majini, saa ngapi na kwa ubao upi. Kwa kuwa nimeshachoka kujibu mmoja mmoja, majibu ni haya.

"Kimo cha wimbi ndicho utabiri wenyewe"

Dhana hii inanichosha kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kwanza, ile mita 1.2 si kimo cha wimbi fulani utakaloliona. Ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa kuliko mengine, tena yakiwa bado kilindini, kabla hayajagusana na sakafu ya bahari. Kipimo hiki kilianza kutumika wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale wanasayansi wa bahari Harald Sverdrup na Walter Munk walipotabiri mawimbi kwa ajili ya majeshi yaliyokuwa yakijiandaa kushuka ufukweni. Kinakaribiana na kile ambacho baharia mzoefu hukikadiria kwa macho. Lakini wastani ni wastani. Ukikaa majini saa moja au mbili, tegemea wimbi moja linalokaribia mara mbili ya tarakimu hiyo. Mtoto wako wa miaka tisa hatagongwa na wastani. Atagongwa na hilo moja.

Sasa shuka chini ya tarakimu, kwenye sehemu mnayoikata na kuitupa. Pameandikwa sekunde: 7, au 11, au 15. Hicho ni kipindi, yaani muda unaopita kati ya kilele kimoja na kinachofuata. Ningelazimishwa kuona tarakimu moja tu ya utabiri, ningeomba hiyo.

Chukua siku mbili zenye kimo kile kile cha mita 1.2. Siku ya kwanza kipindi ni sekunde 7, ya pili ni sekunde 15. Kilindini, mawimbi ya siku ya kwanza yameachana mita 76 hivi kutoka kilele hadi kilele. Ya siku ya pili yameachana mita 350. Nguvu yanayobeba kwa kila mita ya upana haipishani kidogo: siku ya pili ni zaidi ya mara mbili. Kisha kuna suala la sakafu. Wimbi huanza kuihisi sakafu pale kina kinapofikia nusu ya umbali huo wa vilele, kwa hiyo la sekunde 7 huihisi kwenye mita 38 tu, na la sekunde 15 huanza mbali sana, kwenye mita 175. Kuanzia hapo mwendo unapungua, vilele vinasogeleana, na maji yaliyokuwa yametandazwa kwenye eneo refu hayana pa kwenda ila juu. Mawimbi yakifika kwa kuuelekea ufuo moja kwa moja, la sekunde 7 litaumuka likiwa na kimo cha kama mita 1.5. La sekunde 15 litavuka mita 2. Tarakimu kubwa ya katikati ya skrini haikubadilika hata kidogo.

Kwa hiyo jibu la "mita 1.2 tu" ni swali: za sekunde ngapi?

Wapo wanaolielewa hili nusu, nao ni wagumu kuliko wasiolijua kabisa. Wameshasikia kwamba kipindi kirefu ni kizuri, basi wakiona sekunde 16 wanaamka alfajiri wakiwa na furaha. Kwenye mwamba, au kwenye rasi ambako wimbi linapinda na kufunguka taratibu, wana haki. Kwenye ufuo wa mchanga ulionyooka, wimbi la kipindi kirefu lina muda wa kutosha wa kujipanga sambamba na fungu la mchanga, halafu linavunjika lote kwa mpigo mmoja, kushoto hadi kulia. Hakuna bega, yaani uso wa pembeni ambao bado haujavunjika, la kutelezea. Unasimama, unaangukiwa, unarudi. Ufuo wa namna hii huwa mtamu zaidi kwa sekunde 8 hadi 11, hasa mawimbi yakija kutoka pande mbili tofauti: yanakatizana, yanajenga vilele vifupi vinavyofunguka huku na huku, na kila mwanafunzi anapata pake.

Kuna mtego mwingine, huo huo wa kutazama kimo peke yake. Mawimbi ya kipindi kirefu husafiri haraka kuliko ya kifupi. Kundi la sekunde 18 hukata kama kilomita 50 kwa saa. La sekunde 7 halifiki 20. Kwa hiyo dhoruba ya mbali ikituma mawimbi, yale marefu hutangulia. Jioni utabiri unaonyesha mita 0.4 kwa sekunde 18, na mtu anasema bahari imelala. Haijalala. Hao ni watangulizi, na asubuhi yake ufuo haufanani na jana. Mimi nikiona kimo kidogo kimeandamana na kipindi kirefu ghafla, naahirisha darasa la wanaoanza la kesho yake hapo hapo, na wazazi wanaolalamika nawaacha walalamike.

Mwelekeo nao una neno lake. Ufuo unaotazama kusini ukiletewa mawimbi kutoka magharibi utapata masalio, na ikiwa kuna rasi au kisiwa njiani unaweza kukosa kabisa. Ule mshale mdogo pembeni ya kipindi haukuwekwa kama pambo.

Halafu kuna kile ambacho hakimo kwenye skrini yoyote: mchanga wenyewe. Mifumo inayotabiri mawimbi, kama WAVEWATCH III ya Marekani, huigawa bahari katika miraba ya kilomita kadhaa na zaidi. Fungu lako la mchanga lenye upana wa mita thelathini halipo humo. Isitoshe, fungu halikai mahali pamoja. Dhoruba hukwangua mchanga wa ufukweni na kuulaza nje kidogo. Wiki za utulivu huurudisha polepole. Utabiri ule ule, kipindi kile kile, ufuo ule ule, wiki sita baadaye ni mawimbi mengine kabisa.

Ndiyo maana nawasumbua wanafunzi wangu kwa jambo moja wasilolipenda: njooni maji yakiwa yamepwa, bila ubao, mtazame. Mchanga mwingi unakuwa umejianika. Utaliona fungu lenyewe, utaona limekatika wapi, na ule mfereji mweusi unaopita kwenye pengo kuelekea nje. Tembea juu yake ukiweza. Wimbi huvunjika pale kina kinapofikia takriban mara 1.3 ya kimo chake, hivyo ukijua fungu liko chini kiasi gani unaweza kukisia lenyewe litavunjika wapi. Fungu lililo chini ya mita 2.5 za maji saa ya kujaa litaliacha wimbi la mita 1.5 lipite juu yake bila kuvunjika, likajipige ukingoni kwa kishindo. Maji yakishuka hadi mita 2, wimbi hilo hilo linavunjika vizuri juu ya fungu. Dakika ishirini za kutazama huzaa zaidi ya saa nzima ya kupekua simu kitandani.

"Pale pasipo na povu ndipo salama"

Hii ndiyo inayonitia hofu zaidi, ingawa maelezo yake ni mafupi. Mzazi anafika, anaona mawimbi yanavunjika kushoto na kulia, katikati kuna njia tulivu, na anawapeleka watoto pale pale katikati. Njia hiyo imetulia kwa sababu ni ya kina, na ni ya kina kwa sababu maji yote yaliyosukumwa na mawimbi juu ya fungu yanarudi baharini kupitia humo. Huo ni mkondo wa kurudi. Dalili zake ni maji yenye rangi ya mchanga yanayoelekea nje, uso uliokunjamana, na povu linalosafiri kinyume na mawimbi.

Na hapana, haukuvuti chini. Unakupeleka nje, kwa kawaida mpaka kupita kidogo mahali mawimbi yanapovunjika, kisha unalegea. Wanaozama wengi huishiwa na uchovu na hofu wakijaribu kuogelea moja kwa moja kurudi ufukweni dhidi yake. Mikondo mikali hufika mita 2 kwa sekunde. Mwogeleaji wa China Pan Zhanle alipoweka rekodi ya dunia ya mita 100 mtindo huru kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 alitumia sekunde 46.40, yaani mita 2 na kitu kwa sekunde, tena kwenye bwawa. Usishindane nao. Elea, inua mkono uombe msaada, na kama una nguvu ogelea sambamba na ufuo hadi penye mawimbi yanayovunjika, yakurudishe. Aliye na ubao asiuachie kamwe.

"Leo hakuna upepo, kwa hiyo hakuna mawimbi"

Upepo uliotengeneza mawimbi ya leo huenda ulivuma siku nne zilizopita, mbali mno na hapa. Mwaka 1963 Walter Munk na wenzake waliyafuatilia mawimbi yaliyotoka kwenye dhoruba za karibu na Antaktika, kituo kwa kituo, yakavuka bahari ya Pasifiki mpaka Alaska, zaidi ya kilomita 10,000. Jua kali na anga jeupe hapa kwako havisemi lolote kuhusu kilichotokea huko. Siku mbaya kabisa kwa wanaojifunza zinaweza kuwa nzuri kabisa kwa picha.

"Upepo ukitoka nchi kavu, kila kitu ni shwari"

Ukiwa mwepesi, sawa. Huushikilia uso wa wimbi usiporomoke mapema, na ndio sababu asubuhi hupendwa: nchi kavu imepoa usiku, upepo unaelekea baharini. Mchana ardhi ikipata joto, upepo hugeuka ukatoka baharini na kuuvuruga uso. Hilo si siri, na bado watu huniandikia saa sita mchana kuuliza kwa nini maji "yameharibika".

Lakini upepo huo huo wa nchi kavu ukizidi kilomita 35 kwa saa, unakurushia maji machoni wakati wa kuanza kuteleza, unauinua ubao, na unampeleka nje kila aliyelala juu ya boya la kupuliza au aliyesimama juu ya ubao na kasia. Ufukweni maji yanaonekana laini kama kioo, ndiyo maana wengi hawastuki hadi wawe mbali. Maboya ya kupuliza siku kama hiyo siyaruhusu kabisa kwenye kundi langu.

"Programu imeonyesha Jumamosi ya wiki ijayo"

Imeonyesha dhoruba ambayo bado haijazaliwa. Mawimbi ya dhoruba iliyokwisha kuvuma yanatabirika vizuri, kwa sababu yapo tayari njiani na maboya ya vipimo yameyaona. Yale ya dhoruba inayodhaniwa kuja ni makisio juu ya makisio. Siku tano naziamini kwa kiasi, siku tatu naziamini vizuri, na upepo wa ufukweni siuamini mpaka jioni ya kuamkia siku yenyewe. Ukikata tiketi ya safari kwa sababu ya nyota tano ambazo programu imeyapa mawimbi ya siku kumi mbele, usinilaumu. Na nyota hizo zimetolewa na kompyuta isiyojua kama wewe ni bingwa au umeanza juzi.

"Maji yakijaa, mawimbi yanakuwa makubwa"

Kujaa na kupwa hubadilisha kina juu ya fungu. Mawimbi yaliyoko nje hayajui. Ufuo mmoja hupendeza maji yakipanda, mwingine yakishuka. Ujifunze wa kwako. Kumbuka tu kwamba nyakati husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo "jana saa mbili palikuwa pazuri" si ratiba ya leo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutembea sana na muda mzuri wa kuteleza huwa mfupi. Siku za maji mafu, yanapotembea kidogo, unaweza kujiachia.

"Wimbi la saba ndilo kubwa"

Hesabu mwenyewe. Mawimbi makubwa huja kwa makundi kwa sababu mawimbi yenye vipindi vinavyokaribiana hupishana na kupandana, na kundi linaweza kuwa la matatu au la tisa, baada ya dakika nne au kumi na tano. Subiri uone makundi mawili au matatu kabla hujaingia.

"Mvua imekatika, twende"

Mvua yenyewe haina shida na mawimbi. Shida ni radi na maji machafu. Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, si tangu tone la mwisho, kwa sababu radi hupiga hata kilomita 15 kutoka penye mvua. Na ikiwa kuna mto au mfereji unaomwaga maji karibu, mvua kubwa hushusha vinyesi na taka zote za juu. Ushauri wa kawaida wa afya ni kukaa nje ya maji saa 72. Ukiona maji ya kahawia na wenzako wamo, waache humo.