"Chuma ni Chuma Tu" na Maneno Mengine ya Karakana za Mwanza

Anayeanza kazi ya chuma nyumbani, awe kibandani Buzuruga au kwenye kontena Igoma, huanza na vitu vinne: jiliwa ya kubania kazi, grenda, keekee ya mezani ya kutobolea na rundo la vyuma chakavu. Mwenye bahati huongeza mashine ndogo ya kukereza. Ushauri wa mtaani huja bure pamoja na vyombo hivyo, na sehemu kubwa yake ina sura moja: chuma ni chuma tu, bolti ni bolti tu, mafuta ni mafuta tu. Hiyo "tu" ndiyo inayomaliza biti na beringi, na siku mbaya huchukua kidole.

"Kichome kiwe chekundu, kichovye majini, kitakuwa kigumu"

Kinachokifanya chuma kikubali kukazwa ni kaboni. Ikiwa chini ya asilimia 0.3 hivi, ugumu unaopatikana hautoshi kwa ncha ya kukatia. Engo, fletibaa na nondo za kawaida nyingi ziko huko chini. Zichovye mpaka maji ya ndoo yachemke, tupa itaendelea kuzila. Springi bapa za lori zina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6, ndiyo maana wafua vyuma huzipenda kwa mapanga na tindo.

Ila springi inataka mafuta, si maji. Maji hupoza kwa ghafla mno na chuma hupasuka, wakati mwingine kwa ufa mwembamba usioonekana mpaka tindo ivunjike kazini. Kwa tindo moja, lita tatu au nne za mafuta zinatosha, kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Plastiki hapana, na mfuniko ni wa kuzimia moto mafuta yakishika. Yapashe kwanza yafike kama nyuzi 50. Mafuta vuguvugu ni mepesi na hupoza vizuri kuliko ya baridi, jambo ambalo wengi hulikataa mpaka wajaribu.

Rangi ya chuma juani hudanganya, kwa hiyo fanya kazi kivulini au jioni, na uwe na sumaku iliyofungwa kwenye waya. Chuma kikifika nyuzi 770 hivi sumaku hukiacha. Ongeza moto kidogo, kisha kizamishe wima huku ukikitikisa juu na chini. Jaribu kwa tupa ya zamani: ikiteleza kama juu ya kioo, kimekaza.

Hapo kazi haijaisha. Tindo iliyokazwa bila kulegezwa huvunjika ncha kwa pigo la kwanza, na kipande huruka usawa wa macho. Isugue kwa msasa ing'ae, ipashe kutoka nyuma kuelekea ncha, uangalie rangi zinavyotembea. Manjano ya majani makavu ni nyuzi 230 hivi, kahawia ni 255, zambarau 280, buluu 300. Kisu cha kukerezea kiachie kwenye manjano, tindo ya kukatia chuma kwenye zambarau.

Kuhusu kugeuza nondo kuwa shafti: nondo nyingi za siku hizi hupozwa kwa maji kiwandani zikiwa bado za moto, kwa hiyo ganda la nje ni gumu na kiini ni laini. Ukiikereza, kisu kinagonga zile mbavu kwanza, halafu unatupa sehemu ngumu na kubaki na ile dhaifu. Fimbo ya silinda ya haidroliki au ekseli ya zamani ni chakavu bora zaidi kwa shafti. Fimbo ya haidroliki mara nyingi ina ganda la kromu ambalo huondolewa kwanza kwa jiwe la grenda, na ndani yake inakerezeka vizuri.

"Biti haikati? Ongeza mwendo"

Kinyume chake. Biti ya chuma cha kasi hukata chuma laini vizuri kwa mwendo wa mita 25 kwa dakika ukingoni mwake. Njia ya mkato ni kugawanya 8000 kwa kipenyo cha biti katika milimita. Biti ya 3 inataka mizunguko 2,670 kwa dakika, ya 10 inataka 800, ya 20 inataka 400. Kwa stenlesi gawanya 4000, kwa chuma cha kusubu 6000, kwa alumini 20000. Keekee nyingi za mezani haziteremki chini ya mizunguko 500 hivi hata mkanda ukiwa kwenye puli ya polepole kabisa, kwa hiyo biti ya 16 ndiyo mwisho wake wa haki. Ukiona pembe za biti zimegeuka buluu, mwendo ulizidi.

Stenlesi ina ubaya wake peke yake. Biti ikisugua bila kukata, hata kwa sekunde chache, uso wa chuma hukaza na biti inayofuata haiingii tena. Kandamiza kwa nguvu, zungusha polepole, usiache biti izunguke bure shimoni.

Na mafuta si mafuta tu. Oili chafu ya injini ina masizi na sumu zinazodhuru ngozi ikishikwa kila siku, tena haina faida kwenye ncha ya biti. Mafuta ya kupikia yanafaa kwa kukata meno kwenye chuma, mradi uyafute baadaye maana yakikaa hugeuka gundi. Mafuta ya taa yanafaa kwa alumini. Chuma cha kusubu na brasi hukatwa kavu.

"Bolti zikilingana unene zinaingiana"

Bolti za M12, yaani za milimita 12, zipo za pichi (umbali wa jino hadi jino) 1.75, 1.5 na 1.25. Ya dukani kwa kawaida ni 1.75, lakini plagi ya D8EA, iliyo kwenye pikipiki nyingi za 125, ina 1.25. Bolti ya nusu inchi nayo ni milimita 12.7: ya Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza, ina meno 12 kwa inchi, ya Kimarekani ina 13. Hata pembe ya jino ni tofauti, nyuzi 55 kwa Whitworth na 60 kwa nyingine mbili. Injini za kusagia za muundo wa zamani wa Lister zimejaa meno ya Kiingereza, na ndizo zinazoharibiwa zaidi kwa kulazimishiwa bolti za milimita.

Dalili ni rahisi: bolti sahihi huingia kwa vidole duru tano au sita. Ikikaba kwenye ya pili au ya tatu, weka spana chini. Kama huna geji ya meno, pima kwa vernia (kipimo cha taya kinachosoma sehemu za milimita) umbali wa nafasi kumi za meno, ugawanye kwa kumi.

Wengine hutoboa shimo dogo makusudi, eti meno yawe na nguvu zaidi. Nguvu inayoongezeka ni ndogo mno, na tapu, chombo cha kukatia meno ndani ya shimo, ndiyo inayolipa. Kanuni ni kipenyo ukitoa pichi: M6 toboa 5, M8 toboa 6.8, M10 toboa 8.5, M12 toboa 10.2. Zungusha tapu nusu duru mbele, robo nyuma, ili unyuzi wa chuma ukatike. Kwenye shimo lisilotokea upande wa pili, chomoa tapu kila baada ya duru tatu au nne usafishe. Tapu iliyokatikia ndani haitoki kwa biti, kwa sababu nayo ni ngumu kama biti yenyewe.

"Vernia yangu inasoma 0.02, kwa hiyo nimepima sawasawa"

Chukua beringi ya 6204, ambayo ni 20 ndani, 47 nje, upana 14. Shafti inayozunguka na ringi ya ndani kwa kawaida hutakiwa iwe kati ya 20.002 na 20.015. Nafasi yote hiyo ni milimita 0.013, ndogo kuliko hatua moja ya vernia. Vernia itakwambia "ishirini", na beringi itazunguka juu ya shafti mpaka iile, au itabanwa hadi ikose pumzi na kupata moto.

Joto nalo linaingilia. Shafti ya 20 iliyotoka kukerezwa ikiwa na nyuzi 65, wakati karakana ina 25, imevimba kwa 0.009 hivi. Ukiipima hapo hapo umeshapoteza zaidi ya nusu ya nafasi. Iache ipoe kabisa, kisha tumia maikromita ya 0 hadi 25. Usipokuwa nayo, tumia beringi mpya kama kipimo: bakiza 0.05, malizia kwa msasa namba 400 mpaka beringi ishike mdomo wa shafti lakini isipite kwa mkono.

Kuigonga kwa nyundo ringi ya nje kunapitisha pigo kwenye gololi, na vishimo vidogo vinavyobaki ndivyo vinavyounguruma wiki mbili baadaye. Ipashe moto. Jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo sufuria ya maji yanayochemka haiwezi kuunguza beringi ya wazi mradi maji yasikauke, maana mwisho wake salama ni kama nyuzi 120. Weka beringi kavu ndani ya kopo, kopo ndani ya sufuria, funika, subiri dakika 20. Ndani yake itapanuka kwa 0.016 hivi, kiasi cha kupita kwenye shafti kwa msukumo mmoja wa bomba linalogusa ringi ya ndani. Beringi za 2RS, zenye mihuri ya mpira pande zote mbili na grisi yake ndani, zisipashwe zaidi ya nyuzi 80 hivi wala kuzamishwa kwenye mafuta.

"Toa kava ya grenda, weka jiwe kubwa"

Hili ndilo linaloua. Jiwe la milimita 115 limeandikwa mwisho wa mizunguko 13,300 kwa dakika, la 180 ni 8,500, la 230 ni 6,600. Grenda ndogo huzunguka 11,000. Ukifunga la 230 humo, ukingo wake unakwenda mita 132 kwa sekunde wakati limetengenezwa kwa 80, na kava iliyopaswa kukulinda iko chini ya meza. Soma pia mwezi na mwaka kwenye pete ya katikati, kwa sababu gundi ya jiwe huchoka. Na jiwe jembamba la kukatia halisagi kwa ubavu.

Glavu vaa ukiwa na grenda. Kwenye keekee ya mezani na mashine ya kukereza zivue, pamoja na pete na mikono mirefu. Kinachozunguka hakikwaruzi glavu, kinaivuta na mkono ukiwemo.

"Mashine ndogo ya kukereza ni ya mbao, chuma haiwezi"

Inaweza, ikikaa imara. Kinachoitetemesha mara nyingi ni kisu kilichotokeza sana: ukizidisha urefu uliotokeza mara mbili, kupinda kunazidi mara nane. Kisitokeze zaidi ya mara moja na nusu ya kimo chake. Kazi ikitokeza kwenye taya zaidi ya mara tatu au nne ya kipenyo chake, ishikilie kwa sentaa upande wa pili. Kwenye chuma laini kata kina cha 0.5, umalizie kwa 0.1 hadi 0.2. Ikianza kupiga kelele, punguza mwendo na uongeze msukumo wa kisu, hata kama mkono unataka kufanya kinyume.

Kimo cha ncha kipime kwa rula ndogo ya chuma iliyobanwa polepole kati ya ncha na shafti. Rula ikisimama wima, ncha iko katikati. Kichwa chake kikiinamia kwako, ncha iko chini mno. Kikiegemea upande wa pili, iko juu. Meza pia ina neno lake. Jiji zima limekaa juu ya majabali, halafu mtu anaiweka mashine juu ya meza ya mbao inayocheza na kulaumu kiwanda.

"Ziwa letu si la chumvi, kutu si tatizo"

Kutu inahitaji maji na hewa. Chumvi huharakisha tu. Usiku bati la paa hupoa na mvuke wa ziwa hugeuka matone juu ya chuma baridi. Futa reli za mashine kwa oili safi kila jioni, funika kwa kitambaa cha pamba, si turubai linalofungia unyevu ndani. Jasho la vidole lina chumvi yake, ziwa liwe na chumvi au lisiwe nayo.

"Ukimaliza kuchomelea, kunywa maziwa"

Maziwa huenda tumboni, moshi uko mapafuni. Bomba la maji na bati vina zinki, ambayo huchemka kwenye nyuzi 907, chini sana ya joto la kuchomelea. Ukivuta moshi wake mweupe, saa chache baadaye hupata homa, baridi, maumivu ya viungo na ladha ya chuma mdomoni. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili, na watu husifu maziwa. Hatari nyingine ya ukanda huu ni kwamba dalili hizo zinafanana na malaria: pima damu kabla ya kumeza dawa, umwambie mhudumu ulichochomelea, na kifua kikibana nenda hospitali bila kungoja.

Ondoa zinki sentimita tatu hadi tano kila upande wa kiungo, nje, ukiwa na barakoa ya vumbi. Kisha simama upande upepo unakotoka. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu na usiku hugeuka, kwa hiyo aliyeanza kazi alasiri akaendelea mpaka usiku anapaswa kuhama upande.