Kuzima printa hakufuti foleni ya seva

Katika ofisi nyingi watu huamini kwamba printa ikikwama, dawa ni kuizima na kuiwasha: kazi zilizokwama zitafutika zenyewe. Imani hiyo ina chanzo chake, kwani kuizima husafisha kumbukumbu ya printa, na mara nyingine hilo linatosha.

Ila ofisi nzima inapochapa kupitia seva moja (kompyuta inayopokea kazi za wote na kuzipeleka kwa printa), foleni ya kazi zinazosubiri hukaa kwenye diski ya seva. Kwa seva ya Windows, kila kazi kwa kawaida huwa na mafaili mawili katika folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS: la .SPL lenye waraka wenyewe, na la .SHD lenye maelezo kama jina la mtumiaji na printa iliyokusudiwa. Kazi ikiisha, yote mawili hufutwa. Yakibaki, seva inaweza kuituma kazi ileile tena printa inapowaka. Ndiyo maana ukurasa wa jana hutokea leo asubuhi.

Kujihakikishia ni rahisi, ukiwa na ruhusa ya msimamizi. Fungua folda hiyo, tazama tarehe. Faili la siku tatu zilizopita mara chache huwa linasubiri zamu yake. Simamisha huduma ya Print Spooler, ile inayoendesha foleni ya uchapaji, futa hayo ya zamani tu, kisha iwashe upya. (Waarifu wenzako kwanza, uchapaji wote husimama kwa muda.) Yakijaa tena, angalia sifa za printa: huenda kuna aliyeweka alama kwenye chaguo la kuhifadhi nyaraka zilizokwisha kuchapwa, na seva itaendelea kuyaweka hadi alama hiyo iondolewe.