Moyo, damu iliyoganda na dripu: maswali kutoka Mtwara na Lindi

Daktari, mama ana moyo uliotanuka. Akichoka, majirani wanasema akatundikiwe dripu. Tumpeleke?

Kwa uchovu tu, hapana. Chupa ya lita moja ya maji ya chumvi ina gramu 9 za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe hata gramu 5 kwa siku. Moyo dhaifu hauwezi kusukuma mzigo huo. Maji hujaa miguuni na kwenye mapafu, na usiku mgonjwa anashindwa kulala chali. Akiharisha sana au akipoteza damu, dripu anaweza kuihitaji, lakini huwekwa taratibu huku mapafu yakisikilizwa. Sipendi kabisa dripu za "kuongeza nguvu".

Nyumbani mpimeni uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai. Ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, mrudisheni kliniki. Kama amepangiwa kiwango cha maji kwa siku, uji na mchuzi navyo vinahesabiwa.

Na madafu je?

Inategemea vidonge vyake vya moyo. Dafu lina potasiamu nyingi, na spironolaktoni, losatani na kaptoprili huibakiza mwilini. Figo zikiwa dhaifu, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Aulize kwanza.

Baba anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa damu iliganda mguuni. Aache kisamvu?

Asiache. Kisamvu kina vitamini K, inayopunguza nguvu ya warfarini, hivyo tatizo ni kula sufuria nzima wiki hii kisha kukaa mwezi bila kukigusa. Ale kiasi kilekile, dozi ipangwe kwa INR, kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, ambacho kwa ugonjwa wake hulengwa kati ya 2 na 3.

Kuokota korosho kunamuumiza mgongo. Ameze nini?

Parasetamoli, kwa siku chache. Diklofenaki na ibuprofeni huchubua tumbo, na kwa mtu wa warfarini kidonda hicho huvuja damu. Sindano ya takoni nayo aikatae, damu hujikusanya ndani ya msuli. Flagyl na Septrin, dawa za kuua vijidudu, hupandisha INR ndani ya siku chache tu, kwa hiyo akifika duka la dawa ataje warfarini kabla hata ya kueleza anachoumwa.

Tukimbilie hospitali lini?

Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, fizi zisizokoma kutoa damu, au ameanguka akajigonga kichwa, hata kama anasema yuko sawa. Walio Mtwara mjini waende Ligula, wa Lindi mjini Sokoine, saa hiyohiyo, na vidonge vyake vyote mfukoni.