Kabla ya Bando Kuna Kipande

Kila tukiitwa semina ya mambo ya dijitali, lazima mtu asimame atuonyeshe ramani ya minara, hapa 4G iko, hapa hakuna, basi tunaandika shida ni netiwaki tunaenda kunywa chai. Sikatai. Sensa ya 2019 ilipata ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wa miaka 3 kwenda juu walikuwa wanatumia intaneti, na kuna pande za Turkana na Marsabit mtu anapanda kilima ndio simu ishike. Lakini pia kuna watu wako Kibra, hapo Nairobi, mnara wanauona wakiwa mlangoni, na bado wako nje ya mtandao.

Iko hivi. Kusajili laini Kenya unaulizwa kitambulisho, bila laini yako huna M-Pesa, na eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, nayo ukitaka kufungua akaunti inaanza na namba ya hiyo hiyo kitambulisho. Kwa hivyo kila kitu kimening'inia kwa kipande (wazee bado wanaita kitambulisho hivyo, jina la ile karatasi mkoloni alikuwa anawavalisha shingoni), na kipande hakijawahi kupatikana sawa kwa kila kabila. Kijana wa Nyeri anaenda na cheti cha kuzaliwa na kopi ya kitambulisho ya mzazi, kwa kawaida imeisha. Mnubi ambaye babu yake aliletwa na jeshi la Mwingereza kutoka Sudan, familia iko Kibra miaka zaidi ya 100, huyo kwa miaka mingi alikuwa anapelekwa mbele ya kamati kupigwa msasa kwanza, yaani kuchunguzwa kama ni Mkenya kweli. Wasomali wa mpakani vilevile. Wamakonde ilibidi watoke Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi 2016 ndio wakasikizwa, Wapemba wakatambuliwa kama Wakenya 2023.

Mama mmoja hapo Makina, Kibra, aliniambia kijana wake alikuwa anapokea pesa ya mjengo kwa laini ya jirani juu yeye hana kitambulisho. Siku moja mshahara wa wiki nzima umeingia, kumbe jirani ana deni la simu, pesa ikakatwa pale pale kabla mtu hata hajaiona. Sasa utamlaumu nani? Jirani alikuwa anasaidia tu.

Wengi hudhani kompyuta itamaliza haya mambo maana kompyuta haina kabila. Huduma Namba, ule mpango wa serikali wa kumsajili kila mtu kwa namba moja ya kidijitali, ilipokuja 2019, Nubian Rights Forum, shirika la kutetea haki za Wanubi, na wenzao walienda kortini, na Januari 2020 majaji wa Mahakama Kuu wakasema serikali isiendelee mpaka iweke sheria kamili, wakataja wazi kwamba wasio na karatasi wanaweza kufungiwa nje. Halafu kuna hii ya Garissa, ambayo mimi hunisumbua zaidi. Familia za Wakenya wakati wa ukame ziliingia kambi za wakimbizi za Dadaab kutafuta chakula, watoto wakachukuliwa alama za vidole, mtoto akifika miaka 18 anaenda kuomba kitambulisho anaambiwa sistimu inaonyesha wewe ni mkimbizi. Na kompyuta haijakosea, vidole ni vyake kweli, ila haijui njaa ndio ilimpeleka huko.

Februari 2025 Rais Ruto akiwa Wajir aliagiza huo msasa wa mpakani uishe. Ni vizuri, lakini kuondoa kamati ni kitu kimoja na kusafisha rekodi iliyokaa ndani ya sistimu ni kingine, na hiyo ya pili haina sherehe wala kamera.

Na wewe unayesajilia jirani laini kwa kitambulisho chako, usiache kumsaidia, ila kwa Safaricom piga *106# uone ni namba ngapi ziko kwa jina lako. Hiyo laini ikitumika vibaya, mlango wa kwanza kubishwa ni wako.